Supu Kabla ya Sindano

Chini ya maabara nilikopimwa Jumamosi hii, pale Buruburu, kuna kijana anayeuza supu ya mifupa. Sufuria yake ni kubwa, ameiweka juu ya jiko la makaa karibu kabisa na ngazi, na kila anayepanda kwenda kutolewa damu lazima apite katikati ya mvuke wake. Nilikuwa sijala tangu saa moja ya jioni iliyotangulia. Nilifika kama ngazi ya tano hivi, harufu ya supu ikinifuata kutoka chini, harufu ya spiriti ikinijia kutoka juu, nikashika ukuta. Mama mmoja aliyekuwa akishuka akaniuliza, "Mzee, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, ni goti tu. Goti halikuwa na shida. Harufu hizo mbili sikuwa nimezisikia pamoja tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Wanaonijua watashangaa kusikia kuna kitu kimenishikisha ukuta. Mimi si mtu wa kushika ukuta. Niliacha shule darasa la sita, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi ambalo mafundi wa mtaa mzima wanalijua bila kuuliza, nina malori matatu, nina nyumba ya ghorofa tano Huruma niliyoisimamia mwenyewe jiwe kwa jiwe, na kijana anayeniandikia barua za duka ana digrii. Nikiulizwa mbona sikusoma, jibu langu liko tayari siku zote: shule ilikuwa inanichelewesha. Nimelisema kwenye harusi za watu, nimelisema kanisani nikiwa mgeni wa heshima, na kila mara watu hucheka, nami hucheka nao. Lakini siku hizi nimechoka. Naamka nimechoka kama mtu aliyelala na mfuko wa saruji kifuani, na ndiyo maana daktari alinituma nikapimwe mafuta ya damu na ini. Mtu akichoka namna hiyo, hata lile jibu lake la kuchekesha linakuwa mzigo. Wacha niliweke chini.

Tulikuwa tukikaa Makongeni, katika nyumba ya kazi. Wa rika langu mnajua maana yake: kazi ikiwepo, nyumba ipo, kazi ikienda, nyumba inaenda nayo. Baba alikuwa fundi wa breki za mabehewa ya reli. Hakuna aliyemwita kwa jina lake, wote walimwita Fundi. Alikuwa akitoka karakana mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, anaoga, anavaa shati jeupe, anakwenda kufundisha kwaya. Pombe hakuwahi kuionja. Kwao, huko magharibi, alizaliwa katika boma la watu wa kanisa, na hata busaa ya matanga aliikataa, jambo lililomfanya akosane na wajomba zake.

Mwaka ule, wakati wa mvua ndefu, macho yake yalianza kugeuka rangi. Mimi nilidhani ni taa. Chumba chetu kilikuwa na balbu moja dhaifu iliyofanya kila kitu kiwe cha manjano, hata ukuta, hata pazia, kwa hivyo macho ya baba kuwa ya manjano niliona ni haki yake kama vitu vingine. Halafu siku moja nikamwona nje, mchana, amesimama kwenye foleni ya bomba la maji, na yale macho yalikuwa vilevile. Hapo ndipo nilipoogopa.

Wengine hawakuogopa, wao walifurahi. Jirani yetu Baba Atieno, ambaye alifanya kazi karakana moja na baba, aliweka mtungi wake chini akamwangalia vizuri.

"Fundi, hayo macho umeyapaka nini?"

"Ni homa tu."

"Homa. Ama Jumapili baada ya kwaya kuna mahali huwa mnapitia kidogo?"

"Baba Atieno, unajua mimi sinywi."

"Hata mimi sinywi. Huwa inaniingia tu."

Foleni nzima ilicheka. Baba naye alitabasamu, akachota maji yake akaenda. Lakini mzaha wa bombani haukai bombani. Wiki haikuisha kabla ya kufika karakana, na mkubwa wa karakana akampa barua: akapimwe damu katika maabara fulani mjini, aonekane kama ini lake limeharibiwa na pombe. Likiwa limeharibiwa hivyo, hawezi kuachiwa breki za gari linalobeba watu. Mama alisoma barua ile kwa sauti mara mbili. Mwishoni iliandikwa kwamba asile kitu tangu saa moja jioni mpaka atakapotolewa damu, ila maji tu.

Sasa, nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja ya zamani kuliko barua ya mkubwa yeyote. Aliyetokwa na damu hupewa supu. Mama aliyejifungua hupewa supu, kijana aliyetoka kutahiriwa hupewa supu, hata aliyekatwa na panga shambani anapikiwa mifupa kabla ya kuulizwa ilikuwaje. Kwa hivyo jioni ile mama alinunua mifupa yenye uboho, akaichemsha na dania na kitunguu mpaka mafuta yakaelea juu kama sarafu. Kabla ya mapambazuko, akiondoka kwenda sokoni kuchukua sukuma wiki za kuuza, aliniamsha. Shule zilikuwa zimefungwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimsindikize baba kwa sababu alikuwa akishikwa na kizunguzungu.

"Hiyo supu ni ya baba yako akirudi. Akirudi, umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Nilisikia, lakini nilikuwa na akili yangu mwenyewe, nami najisifu kwamba akili hiyo ndiyo iliyonijengea ghorofa tano. Siku ile ilinidanganya. Mimi niliamini damu hukaa tumboni, kama maji kwenye pipa, na moyo kazi yake ni kuchota. Baba hakuwa amekula tangu jana. Pipa liko karibu tupu, na bado kuna mtu mjini anayengoja kuchota. Niliona wazi kwamba wakubwa wamekosea mpango: supu ikija baada ya sindano itamkuta amekwisha. Nikapuliza makaa yaliyobaki, nikaipasha moto, nikajaza kikombe kikubwa cha bati, na mfupa mmoja ndani, nikampelekea.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akihangaika na vifungo vya shati. Vidole vile vilivyofungua breki za chuma vilikuwa vikishindwa na kifungo.

"Ni nini hiyo?"

"Supu, baba."

"Si mama yako alisema nikirudi?"

"Sasa baba, wakichukua damu na ndani hakuna kitu, utabaki na nini?"

Alicheka. Ilikuwa imepita miezi sijamsikia akicheka. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akatazama ndani kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama pale na majivu kwenye nyusi, nangoja. Akanywa yote. Akagonga hata uboho ukatoka kwenye mfupa, akafuta mdomo, akanirudishia kikombe.

"Asante, daktari," akasema.

Kile chumba cha maabara kilikuwa kidogo na cha baridi, kinanuka spiriti. Mtu wa maabara alikuwa mzee mrefu mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa jepesi, na alizungumza polepole kama mwalimu wa darasa la kwanza. Alimuuliza baba kama amekula. Baba akasema hapana. Alipokuwa akisema hapana alinitazama, mara moja tu, kwa pembe ya jicho. Nikashusha macho. Alitolewa damu vichupa vitatu, na mimi nilihesabu kila kimoja nikishukuru kwamba nilimjaza mapema.

Vichupa viliingia kwenye mashine inayozunguka, ikavuma kama cherehani. Tukangoja nje kwenye benchi. Baada ya muda yule mzee akatuita, ameshika kichupa kimoja dirishani.

"Njoo uone, mzee. Damu ikizungushwa, ile nyekundu hushuka chini, na juu hubaki maji yake. Maji hayo yanatakiwa yawe kama mafuta mapya ya kupikia, ya njano, kama kile kichupa cha mtu mwingine pale. Yako tazama."

Juu ya ile damu kulikuwa kweupe kama maziwa. Mimi nilisogea kuangalia kama nitaona dania.

"Mimi kila kitu nakipima kwa rangi," akaendelea. "Natia dawa, ya mafuta inatoa rangi yake, ya ini inatoa yake, halafu ile mashine pale inapitisha mwanga na kunisomea rangi imekolea kiasi gani. Sasa hapa mwanga haupiti. Ni kama kumulika tochi ndani ya maziwa. Ini lako siwezi kulisoma." Akamgeukia vizuri. "Ulikula nini asubuhi?"

"Sikula."

"Kula si kosa. Ukiniambia ulikula, unarudi kesho na njaa yako, nachukua nyingine, tunaanza upya. Lakini ukiniambia hukula na damu iko hivi, basi haya mafuta yametoka kwenye mwili wenyewe, na mara nyingi nikiona hivi, huwa ni mtu wa chupa. Unanielewa, mzee?"

"Nakuelewa."

"Ulikula?"

Baba akanitazama tena. Mara hii haikuwa pembe ya jicho. Alinitazama na yale macho ya manjano mpaka nikaona mishipa yake, na mimi nikasoma nilichosoma: nyamaza. Nilidhani ananikinga. Nilidhani nikifungua mdomo nitamwaibisha mbele ya mtu mwenye koti jeupe, kwamba Fundi, mwalimu wa kwaya, amekwisha kusema uongo mara mbili kwa sababu ya kikombe cha supu. Nikabana meno.

"Sikula," akasema baba.

Mzee wa maabara hakukasirika. Alikiweka kile kichupa kwenye friji ndogo kando ya sinki, wima, kama anayelaza mtoto. "Basi tuiache ilale. Kesho itajisemea yenyewe. Mafuta ya chakula yakikaa kwenye baridi hupanda juu, yanakuwa kama malai kwenye maziwa ya jana, na chini panatakata. Mafuta ya mwili hayapandi hivyo, hubaki yamechafua kote. Njoo kesho."

Tulirudi kwa miguu. Karibu na Jogoo Road baba akaniwekea mkono begani, mzito, akasema, "Supu ilikuwa na chumvi ya kutosha." Ni hilo tu.

Siku ile nzima niliomba umeme upotee. Makongeni umeme ulipotea kila wiki bila kuombwa, nami nilitumaini na mjini utapotea, ile friji izime, malai yasipande. Hata taa yetu haikupepesa.

Kesho yake baba alikwenda peke yake. Alisema hana kizunguzungu. Kutoka maabara alipeleka karatasi karakana, na alirudi nayo kabla ya saa sita, saa ambayo hakuwahi kuwa nyumbani siku ya kazi. Mama alisoma ile karatasi kama alivyosoma barua, lakini mara hii polepole. Mafuta yaliyoonekana ni ya chakula. Vipimo vya ini havikusomeka. Mgonjwa aliulizwa mara tatu, akakana mara tatu. Baba alikuwa mtu wa kanisa, alijua vizuri ni nani mwingine aliyekana mara tatu, na nadhani mstari ule ulimuuma kuliko ugonjwa.

"Na karakana wamesema nini?" mama akauliza.

"Wamesema kurudia hakuna. Mtu anayedanganya mbele ya sindano, hawawezi kumwamini mbele ya breki."

"Lakini mimi niliondoka hujatia kitu mdomoni. Ulikula nini?"

"Njaa ilinishinda, mama watoto."

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya debe la maji, karibu na mlango. Mama alinitazama. Akatazama ile sufuria, iliyokuwa imeoshwa na kupinduliwa. Mama yangu hakuwa mjinga. Hakuuliza tena, si siku ile wala siku nyingine yoyote, mpaka tukamzika.

Tulihama Makongeni kwa mkokoteni wa kuazima, na Baba Atieno ndiye aliyeusukuma, bila mzaha wowote. Tulipata chumba kimoja Huruma. Muhula ulipofunguliwa mimi sikurudi darasani, nilipata mkokoteni wangu wa kubebea watu maji, na hapo ndipo hadithi yangu ya kujisifu inapoanzia. Yote niliyojenga ni kweli, nilijenga. Ila shule haikunichelewesha. Nilikuwa wa tatu darasani, na nilipenda hesabu.

Baba aliishi miaka kadhaa. Tumbo lake lilipovimba, hospitali nyingine ilimpima tena kwa njia mpya kidogo, wakatuambia si pombe, ni kirusi cha ini, kimekaa kwenye damu yake pengine tangu utotoni. Nilidhani atalia au atashukuru. Aliuliza jambo moja tu: "Mnaweza kuniandikia hayo kwenye karatasi?" Wakamwandikia. Mama aliihifadhi ndani ya Biblia, na siku ya mazishi alitaka isomwe baada ya wasifu wa marehemu. Mchungaji alisita, mama akamwambia, "Isome yote, na muhuri utaje." Watu waliotoka Makongeni wakainamisha vichwa. Mimi niliinamisha changu chini kuliko vyote.

Kirusi kile kingemmaliza hata akipimwa vizuri, hilo najua. Lakini angekufa akiwa fundi, katika nyumba yake, hakuna anayemnong'onea. Hilo lilikuwa mdomoni mwangu na nililimeza. Na kadiri ninavyozeeka, yale macho yake pale dirishani nayasoma tofauti. Mtu aliyekwisha kusema "sikula" mara mbili anaweza kukosa njia ya kurudi. Labda hakuwa akiniambia ninyamaze. Labda alikuwa akiniomba mimi niseme, kwa sababu yeye alikuwa ameshindwa. Sitajua.

Jumamosi hii asubuhi, kabla sijatoka nyumbani, binti yangu wa mwisho, ana miaka saba, aliniletea chai. Ameanza juzi tu kuruhusiwa kuwasha gesi. Aliibeba kwa mikono miwili, maziwa mengi, amejaza mpaka ukingoni, anatembea kama anayebeba yai. Nikamwambia, "Rudisha jikoni, baba anapimwa leo." Nilisema vizuri, sikumkemea. Alisimama kidogo, akageuka, akairudisha, na nusu ikamwagika njiani. Nilikuwa nimeweza jambo ambalo baba yangu alishindwa. Mimi hujivunia karibu kila kitu, lakini hilo, nikitembea kwenda Buruburu, sikuliona la kujivunia.

Juu ya ngazi msichana wa maabara alinikalisha, akafunga mpira mkononi. Nilimweleza habari ya baba, akaongeza kichupa cha kutafuta kirusi. Alikuwa mchangamfu, umri wa binti yangu mkubwa.

"Umekula, mkubwa?"

"Sijala. Hata chai sikunywa."

"Aki pole. Si ungekunywa tu. Siku hizi kwa kipimo cha kwanza hatuwatesi watu na njaa sana, kikombe kimoja hakingeharibu kitu. Ukikula, unatuambia tu, tunaandika."

"Mnaandika tu?"

"Tunaandika tu. Kunja ngumi."

Nikakunja ngumi. Majibu ni Jumatatu.

Nilipofika nyumbani ile chai ilikuwa bado mezani jikoni, nusu kikombe, imefunikwa na kisahani. Juu yake pameganda malai. Sikuitia kwenye sufuria kuipasha. Nilivuta kiti nikaketi, na binti yangu akaja akasimama mlangoni, anatazama.

"Baba, imepoa."

"Iko sawa."

Nikainywa yote, na malai yake.

"Ina sukari?" akauliza.

"Ina sukari ya kutosha," nikamwambia.